Maswali mnayotuuliza kuhusu filamu za zamani za majambazi zilizorejeshwa

Jumamosi jioni, katika sebule moja ya Kamalondo, Lubumbashi, huwa tunakaa watu kumi na tano hadi ishirini mbele ya ukuta mweupe na projekta, tukiangalia filamu za uhalifu ambazo hata siku zilipotoka hazikuheshimiwa na mtu. Maswali huja mlangoni, kwenye WhatsApp, na mengine katikati ya filamu (tafadhali, mwacheni muuaji amalize kwanza). Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mimi nimetengeneza manyetoskopi (mashine za kaseti za video) miaka mingi kabla ya kushika diski, kwa hiyo msishangae nikiongelea mikanda kuliko wachezaji. Wenzangu wa sebuleni hawakubaliani na kila ninachosema.

Hizi ni filamu za namna gani?

Ni filamu zilizotengenezwa haraka na kwa pesa kidogo ili ziuze mshtuko: bastola, mwanamke mbaya, gari linalowaka moto, polisi anayepiga watu kuliko jambazi mwenyewe. Mara nyingi bango lilikuwa na kazi zaidi kuliko hadithi.

Sisi tunapenda mafungu mawili. La kwanza ni la Hollywood ya miaka ya 1940, lakini upande wa nyuma ya nyumba, kwenye kampuni ndogo ambazo Wamarekani wenyewe waliziita mtaa wa maskini. La pili ni la Italia ya miaka ya 1970, filamu wanazoziita poliziotteschi. Hizo zilizaliwa nchini mwenye hofu ya kweli: mabomu, utekaji nyara, benki zinazovamiwa mchana. Bomu la Piazza Fontana kule Milano lilipasuka Desemba 1969, na miaka michache tu baadaye sinema za Italia zilijaa makomisaa wa polisi wenye masharubu na hasira.

Kwa nini mtu atoe pesa kurejesha filamu mbaya?

Kwanza, si zote ni mbaya. Detour, nitakayoizungumzia chini, iliingizwa mwaka 1992 kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya filamu zinazopaswa kuhifadhiwa, pamoja na vigogo wa sinema.

Pili, filamu kubwa ina mwenye nyumba. Kampuni yenye ofisi na wanasheria huweka negativu zake kwenye ghala lenye baridi. Filamu ya rahisi ikimaliza safari yake ya sinema, kampuni hufilisika, makopo hubaki maabara kwa deni, maabara nayo hufungwa, na fundi anayehamisha vitu hajui kama ameshika filamu au takataka. Kwa hiyo kazi hii imefanywa na watu wenye kichaa kidogo. Mike Vraney alianzisha kampuni ya video ya Something Weird Video kule Seattle mwaka 1990, akaishi kwa kuokota mikanda ambayo wengine waliona haya kuitaja. Kampuni nyingine, Vinegar Syndrome, ilianza mwaka 2012, na jina lake ni jina la ugonjwa wa filamu. Nitaufikia ugonjwa huo.

Kurejesha ni nini hasa? Si ni kubonyeza kitufe cha kompyuta?

Kompyuta huja mwishoni. Mwanzo ni kuuliza: mkanda ulio bora uko wapi, na unao nani?

Filamu ya 35mm ina ukoo. Negativu iliyokuwa ndani ya kamera ndiyo mama. Kutoka kwake huchapwa nakala ya kati, kutoka hapo negativu nyingine, kutoka hapo nakala ya kwenda sinema. Kila kizazi kinapoteza kitu, kama fotokopi ya fotokopi ya diploma: jina la shule bado linasomeka, ila muhuri umekuwa doa. Anayerejesha filamu anapanda ukoo huo kuelekea juu, mpaka atakapofika.

Mfano ninaoupenda ni Detour, ya mwaka 1945, iliyoongozwa na Edgar G. Ulmer kwa kampuni ndogo ya PRC. Ni dakika 68 tu. Mpiga piano anaomba lifti kutoka New York kwenda Los Angeles kumfuata mchumba wake. Mwenye gari anamfia njiani. Naye kwa woga anachukua nguo, pesa, gari na jina la marehemu. Kisha anampa lifti mwanamke ambaye ingekuwa heri amwache barabarani. (Kuhusu waya wa simu nanyamaza. Njooni muone.) Ulmer alipenda kusimulia kwamba aliimaliza kwa siku 6. Waliochunguza wanaona zilikuwa zaidi, lakini ukiitazama utaelewa kwa nini watu walimwamini.

Sheria ya Marekani ya wakati ule iliipa filamu ulinzi wa miaka 28, kisha mwenyewe alipaswa kuomba uongezwe. Detour haikuombewa. Ikawa mali ya umma, na hapo ndipo mateso yake yalipoanza: kila mwenye mashine aliirudufu, kutoka nakala yoyote aliyoipata, akaiuza. Niliiona mara ya kwanza kwenye DVD ya sokoni yenye filamu kumi katika diski moja. Uso wa Ann Savage, anayemcheza yule mwanamke, ulikuwa doa jeupe lenye mdomo. Sauti ilikuwa kama mvua juu ya mabati, na maneno yakipita chini yake.

Ilipofika zamu ya Academy Film Archive na The Film Foundation, watunza filamu wa Marekani, kuirejesha, ukombozi ulitoka Brussels. Cinémathèque royale de Belgique, taasisi ya kutunza filamu iliyoanzishwa mwaka 1938, ilikuwa imetunza mkanda wa nitrati (plastiki ya zamani inayowaka upesi) wenye picha nzuri. Tatizo lilikuwa moja. Mkanda ule ulitengenezewa watazamaji wa Ubelgiji, kwa hiyo chini ya picha kulichapwa tafsiri kwa Kifaransa na kwa Kiflamandi, lugha zao mbili kubwa, zote mbili, ndani ya picha yenyewe. Mzee mmoja wa mtaa wetu wa Katuba aliyesomeshwa na mapadri wa Kibelgiji alicheka mpaka akakohoa niliposimulia hapa. "Hata jambazi," akasema, "ilibidi wamgawanye sawasawa!"

Maandishi kama hayo hayafutiki kwa kitambaa. Yaliondolewa kwa kompyuta, picha kwa picha, kwa msaada wa nyenzo nyingine zikiwemo za Museum of Modern Art ya New York. Piga hesabu: dakika 68, kila sekunde picha 24, jumla ni picha 97,920. Si zote zilikuwa na maandishi, ila zote zilipaswa kupitiwa. Ukitandaza mkanda huo chini unafika karibu kilomita 1.9. Criterion Collection, kampuni ya diski ya Marekani, waliitoa kwa Blu-ray mwaka 2019, na hiyo ndiyo diski tunayoionyesha. Sasa Ann Savage ana macho, na macho yale yanatisha kuliko bastola.

Hatua nyingine nitazipita haraka. Mkanda hukaguliwa kwa mkono, matundu ya pembeni yaliyochanika huzibwa, viungo vya zamani hufungwa upya. Husafishwa. Huskaniwa, yaani hugeuzwa picha za kompyuta, na kama una mikwaruzo mingi hupitishwa ndani ya kimiminika kinachojaza mikwaruzo hiyo, mwanga ukapita bila kupinda, kama dirisha lenye vumbi unavyolilowesha maji likaonyesha nje. Baadaye picha inayotikisika hutulizwa, madoa huondolewa, mwanga na rangi husawazishwa, sauti husafishwa.

Kwenye ile filamu magari yanapita kushoto. Ile si Marekani, ni Zambia!

Swali hili liliulizwa na dereva wa taksi, na nilimpa soda.

Jibu: Ulmer aligeuza picha. Alitaka safari ya kwenda Los Angeles ionekane ikielekea kushoto, kama ilivyo kwenye ramani, na baadhi ya picha za kuomba lifti zilikuwa zimepigwa zikielekea kulia. Pesa ya kurudi barabarani haikuwepo. Akageuza negativu, kushoto ikawa kulia, usukani ukahama, na magari ya Marekani yakaanza kupita kama ya Waingereza. Wataalamu wameandika kurasa nyingi juu ya kosa hilo. Hapa kwetu, ambapo gari za usukani wa kulia zinaingia kwa Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, kila siku na kuendeshwa upande wa kulia wa barabara, sebule nzima ililiona kwa sekunde tatu.

Waliorejesha hawakuigeuza tena. Wangeweza, ni kazi ya dakika. Lakini kosa hilo ni la Ulmer, ni la mwaka 1945, lilikuwepo siku ya kwanza. Doa la vumbi lililoingia maabara miaka 30 baadaye si lake. Hapo ndipo mpaka ulipo, na mtu asiyeujua mpaka huo asipewe filamu ya mtu mwingine. Vivyo hivyo ule ukungu mzito unaojaza mtaa wa New York mwanzoni: mtaa wenyewe haukuwepo, ukungu ulikuwa unaficha kuta za studio. Diski mpya inauonyesha ukungu vizuri zaidi, na umaskini wake unaonekana vizuri zaidi pia. Mimi nafurahi.

Mbona bado kuna chembechembe? Nilidhani imesafishwa.

Chembechembe ndizo picha. Mkanda wa nyeusi na nyeupe umebeba chembe za fedha zilizoguswa na mwanga, basi. Ukiziondoa zote unaondoa nywele, ngozi, uzi wa koti, mvua. Programu za kupunguza chembe zipo, na kampuni fulani zimezitumia kwa pupa mpaka wachezaji wakaonekana kama sanamu za nta kwenye dirisha la duka.

Nasema hivyo nikiwa nimekosa mimi mwenyewe. Mama mmoja aliniletea kaseti ya harusi ya dada yake, iliyorekodiwa enzi za Zaïre, picha imechoka kabisa. Nilikuwa nimepata programu mpya, nikavuta kila kitufe mpaka mwisho. Picha ikawa laini kama mafuta. Nilijivuna. Mama akaangalia dakika moja, akaniuliza kwa upole, "Papa, huyu ni nani?" Nilikuwa nimefuta makovu mawili ya bibi harusi na mikunjo ya macho ya bibi yake. Nikarudia kazi yote bure, na safari hii niliacha chembe zikae.

Filamu za Italia zina chembe nyingi zaidi kwa sababu nyingine. Nyingi zilipigwa kwa Techniscope, ufundi uliotoka Technicolor ya Italia mwaka 1960. Kwa kawaida kila picha ya 35mm huchukua matundu manne ya pembeni. Techniscope ilichukua mawili. Mkanda uleule ukabeba picha mara mbili, gharama ya mkanda ikashuka nusu, na umbo la picha likawa pana kama la filamu za gharama. Lakini picha ndogo ikikuzwa, chembe zinakua nayo. Huo ndio uso wa filamu hizo. Uacheni.

Nimefungua kopo la filamu la zamani, linanuka siki. Nifanye nini?

Fungua dirisha, kisha lihamishe mbali na makopo mengine.

Huo ndio ugonjwa niliousema. Baada ya nitrati kuachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa ilikuwa inawaka kama baruti na maji hayaizimi, filamu zilichapwa juu ya plastiki ya asetati. Asetati haiwaki hovyo, lakini ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa asidi ya asetiki, ileile iliyo ndani ya siki ya jikoni. Asidi hiyo huharakisha uozo zaidi, ikatoa asidi nyingine zaidi, na mvuke wake huambukiza mikanda ya jirani. Mkanda unasinyaa, unajikunja, unakuwa mkavu kama jani la mahindi, na mwisho picha inabanduka.

Dawa ya kuuponya haipo. Baridi na ukavu hupunguza kasi tu, ili upate muda wa kuuskani kabla haujafa. Hapa Lubumbashi tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi na kiangazi chetu kina baridi ya kutosha kumshangaza mtu wa Kinshasa, lakini mvua za Novemba hadi Machi zinaharibu kila kitu kilicholindwa Juni. Kama una mkanda wa namna hiyo, usiuchezeshe kwenye projekta "kuona ni nini". Inaweza kuwa mara yake ya mwisho, na utakuwa umeiona peke yako.

Kwa nini nakala nyingine ni nyekundu yote, kama imelowa nyanya?

Rangi zimekufa. Mikanda ya rangi ya Eastman, ya kampuni ya Kodak, ya miaka ya 1950 hadi ya 1970 ilikuwa na rangi tatu juu ya nyingine, na hazikuzeeka pamoja: ile ya samawati ndiyo iliyokimbia haraka, ya njano ikafuata, zambarau nyekundu ikabaki peke yake na nyumba. Kodak walileta mikanda inayodumu zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nakala za Technicolor za mtindo wa zamani, ambazo rangi ilipigwa mhuri juu ya mkanda, hazikupata ugonjwa huo. Ukiipata moja ya filamu unayoirejesha, umepata shahidi, kwa maana inakuambia koti la komisaa lilikuwa kijani au kahawia.

Bila shahidi, mtu anakisia. Ndiyo maana diski mbili za filamu ileile zinaweza kuwa moja ya baridi na nyingine ya njano kama mchuzi wa bizari, na kila upande unaapa kwamba ndio wenye haki.

Filamu za Italia, midomo haifuatani na sauti. Diski imeharibika?

Haijaharibika. Ndivyo zilivyokuwa. Waitaliano wa wakati ule walipiga picha bila kujali sauti ya pale pale. Mmarekani anasema Kiingereza, Mfaransa Kifaransa, Mwitaliano Kiitaliano, kila mmoja lugha yake katika mazungumzo yaleyale, na baadaye wote wakaingiziwa sauti studio. Hakuna lugha ambayo midomo yote inaikubali. Waliolelewa Lubumbashi, ambapo sentensi moja inaanza kwa Kiswahili, inapita kwa Kifaransa na kumalizika kwa Kibemba, hawapaswi kushtuka.

Diski nzuri itakupa sauti ya Kiitaliano na ya Kiingereza. Mimi nachagua Kiitaliano. Matusi yana muziki. Kama menyu inakupa sauti ya mono na nyingine "iliyopanuliwa" kwa spika tano, chukua mono. Filamu ilizaliwa na spika moja nyuma ya kitambaa.

Jambo jingine: filamu hizo zilikatwa tofauti kila nchi, damu kidogo hapa, mwanamke kidogo kule. Anayetaka filamu kamili anaunganisha. Kwa hiyo usishangae picha safi ikashuka ghafla kuwa chafu kwa sekunde kumi kisha ikapanda. Sekunde hizo kumi zilipatikana sehemu nyingine, pengine kwenye kaseti.

Nina tele ya inchi 32. Nitaona tofauti gani kati ya DVD, Blu-ray na 4K?

Kutoka VHS kwenda DVD, utaiona ukiwa umesimama mlangoni. DVD ya PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya, ina nukta 720 kwa 576. Blu-ray ina 1920 kwa 1080, nayo utaiona kama umekaa karibu. 4K ina 3840 kwa 2160, na kwenye inchi 32 kutoka mita tatu, sitakudanganya, nunua mchele.

Kinachobeba uzito ni walianzia mkanda gani. Blu-ray iliyotoka kwenye negativu ya kamera inaishinda 4K iliyotoka kwenye nakala ya sinema iliyochakaa. Nyuma ya kasha huandikwa chanzo. Wakiandika tu "picha mpya kabisa" bila kusema imetoka wapi, shika pesa yako.

Diski ya Marekani itasoma kwenye mashine yangu?

Hapa wengi wamelia. Diski nyingi hufungwa kwa zoni, yaani sehemu ya dunia ambako mashine zake zinaruhusiwa kuisoma. Kwa DVD, Kongo na sehemu kubwa ya Afrika iko zoni 5, Marekani zoni 1, Ulaya Magharibi zoni 2. Afrika Kusini nayo iko zoni 2, kwa hiyo mashine uliyoletewa na shemeji kutoka Johannesburg si lazima isome diski ya zoni yetu. Kwa Blu-ray, Afrika na Ulaya ni zoni B, Marekani ni A. Diski za 4K zenyewe hazina zoni, lakini ile Blu-ray ya kawaida inayofungwa nayo kwenye kasha moja inaweza kuwa nayo. Tafuta mashine iliyofunguliwa zoni zote. Ndiyo tuliyo nayo sebuleni, na ni ya tatu, mbili za kwanza zilikufa kwa umeme.

Kuna pia wanaouliza kwa nini Detour kwenye DVD yao ya zamani ya Ulaya ni dakika 65 na si 68, na kama wamekatiwa kitu. Hapana. Televisheni ya Ulaya ilikwenda picha 25 kwa sekunde, filamu ni 24, kwa hiyo waliikimbiza kidogo. Filamu nzima ipo, ila kila mtu anaongea kama ana haraka ya kuwahi basi na sauti imepanda nyembamba.

Kuna tafsiri ya Kiswahili?

Kwenye diski, hapana. Kifaransa hupatikana mara chache, Kiingereza karibu daima. Sebuleni kijana wetu mmoja anafasiri kwa mdomo, Kiswahili cha hapa hapa, na mara nyingine majambazi wa Milano wanajikuta wanatishana kwa majina ya mitaa ya Kenya na Ruashi, za hapa Lubumbashi. Kuna wanaokuja kwa ajili yake zaidi kuliko filamu. Nimemwomba anyamaze wakati wa muziki, anajitahidi.

Mnaruhusiwa kuonyesha?

Diski ukiinunua, umenunua kuitazama nyumbani. Kuwakusanya watu na kuwatoza kiingilio ni jambo jingine, na nchi yetu ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Kwamba filamu ni mali ya umma Marekani haimaanishi ni hivyo kila nchi, kwa sababu kila nchi inahesabu miaka kwa namna yake. Sisi hatutozi kitu, ni wageni wa sebule ya rafiki. Anayetaka kufungua sale (ukumbi) ya video ya kulipisha aende kuuliza kwanza, na asiseme ni mimi niliyemtuma.

Niko na kaseti za marehemu baba. Munaweza kuzitengeneza?

Leteni, lakini sikilizeni kwanza.

Usiiweke kaseti kwenye mashine kuijaribu. Iangalie kupitia kidirisha chake: ukiona unga mweupe au kijivu pembeni mwa mkanda, hiyo ni kuvu ya masika, na ikizunguka mara moja tu inachafua vichwa vya manyetoskopi na kaseti zote zitakazofuata. Kama vumbi letu jekundu la kiangazi limeingia, litakwaruza mkanda kama msasa. Ziwekeni zimesimama kama vitabu, mbali na spika kubwa, kwa kuwa sumaku ya spika haina huruma na kaseti.

La pili ni SECAM. Televisheni ya Zaïre ilitumia mfumo huo wa Wafaransa, na mashine nyingi zilizobaki mjini ni za PAL. Kaseti ya SECAM kwenye mashine ya PAL peke yake hutoa picha nyeusi na nyeupe. Watu watatu wamekuja kwangu wakiomboleza kwamba rangi za baba zimekufa, na zote zilikuwa hai; walikosa mashine tu. Kabla ya kutupa, ulizeni.

La tatu: tukishahamisha, mtapewa faili mbili, kubwa na ndogo. Ndogo ni ya kutuma kwa ndugu walio Ulaya. Kubwa msiiguse, iwekeni kwenye diski mbili tofauti katika nyumba mbili tofauti. Na kaseti yenyewe mrudi nayo. Kesho atakuja fundi mwenye mashine nzuri kuliko yangu.

Umeme ukikatika katikati ya filamu?

Kijana wetu anaendelea kusimulia gizani mpaka mahali anapopajua, kisha tunakwenda nyumbani. Jumamosi inayofuata tunaanza palepale.

Mnaanza saa ngapi?

Saa kumi na mbili na nusu jioni, giza likishaingia, kwa sababu pazia letu ni kitenge kimoja. Siku za mechi za nyumbani za Mazembe hatuonyeshi. Uwanja uko Kamalondo hii hii, na mono ya mwaka 1945 haiwezi kushindana na goli.